Matawi Matatu ya Hinoki

Tuseme ukweli tangu mwanzo: hakuna aliyemsukuma Japheth Mutai kusema anajua kupogoa miti. Alijisemea mwenyewe, kifua mbele, mwaka 2009, kampuni yao iliposambaratika na yeye akawa anatafuta kila njia ya kutoka kwenye kile chumba cha watu kumi na wawili kule Industrial Area ya Doha. Mzee mmoja wa Kikatari alihitaji mtu wa kumtunzia bustani nyumbani kwake, Al Sadd. Alipomuuliza kama anajua kupogoa, Mutai alijibu, "Miaka sita, Baba. Hiyo ndiyo kazi yangu." Na hakudanganya. Miaka sita alikuwa amepogoa chai Kericho, kisu mkononi, mgongo umepinda, mstari baada ya mstari. Asichosema ni kwamba zaidi ya chai hakuwahi kupogoa kitu kingine chochote.

Miaka minne ilipita bila mtu kumkumbusha maneno yale. Alimwagilia maua, akafagia ua, akaosha magari. Mti mmoja tu ndio hakuugusa, kwa sababu Baba Mubarak, ndivyo sisi wafanyakazi wa huko tulivyozoea kuwaita wazee wenye nyumba, hakumruhusu mtu kuusogelea na mkasi. Ulikuwa hinoki, mti wa Kijapani, uliokuzwa ndani ya chungu kwa ule ufundi wao wa bonsai: mti wa msituni unaopunguzwa na kufungwa waya miaka nenda miaka rudi, hadi unabaki na kimo cha mtoto wa chekechea lakini gome lake ni la mzee. Mhandisi wa Kijapani aliyefanya kazi na Baba kwenye mitambo ya gesi ndiye aliyemwachia, siku anarudi kwao. Wakati wa joto mti ulikaa kwenye chumba cha vioo, AC ikiupulizia usiku na mchana, starehe ambayo Mutai hakuionja kule Industrial Area. Ikifika Novemba, hewa imepoa, ulitolewa uani, na Baba akaketi nao asubuhi nzima na mkasi wake mdogo.

Halafu mikono ya Baba ikaanza kutetemeka. Ugonjwa, madaktari walisema, usio na dawa ya kuumaliza. Kwa miaka miwili hinoki haukukatwa. Ulijaa majani ukafunga giza, na vijitawi vya ndani vikaanza kukauka kwa kukosa mwanga.

Novemba ya 2013 Baba alikuwa akienda umra, Makka, na binti yake. Asubuhi ya kuondoka alimwita Mutai uani, akamkabidhi mkasi na msumeno mdogo.

"Upunguze sana," alisema. "Mwanga ufike mpaka kwenye shina. Mimi sina la kukufundisha, wewe ndiye mtu wa kazi hii. Nikirudi Alhamisi nitakutilia sahihi karatasi yako."

Karatasi yako. Hapo ndipo roho ya Mutai ilipokuwa. Wakati ule mfanyakazi hakuvuka uwanja wa ndege wa Doha bila khuruji, ruhusa ya kutoka nchini, na ruhusa hiyo ilitoka kwa mwajiri wake na si kwa mwingine. Mutai alikuwa na tiketi ya Jumanne iliyofuata. Kule Kericho mama yake alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshazima, na la kushoto daktari alisema likisukuma sana litafika Krismasi. Mama hakulia wala hakulalamika. Alisema kitu kimoja tu kwenye simu: "Japheth, nataka nikuone mara moja kabla sijawa wa kusikia sauti tu." Zaidi ya miaka minne alikuwa hajamwona.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mtu wetu alikuwa na furaha. Alikata huku akipiga mluzi. Na alikata vile mikono yake ilivyofunzwa, yaani kichai. Chai ikizeeka huionei huruma: unaishusha mpaka kwenye mifupa, hubakizi jani, shamba zima linabaki vijiti vitupu ungedhani moto umepita. Mgeni akiona atasema mmeua. Ngoja miezi mitatu, mvua inyeshe, uone chipukizi zinavyofumka kwenye ule mti mkavu, changa, kijani kibichi, nyingi kuliko mwanzo. Mutai alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi hata akaamini ndiyo desturi ya miti yote duniani. Alilivua tawi kubwa la chini, likabaki ubao, bila jani hata moja. Akalivua la pili. Kufikia adhuhuri alikuwa ameyamaliza matatu, na upande mzima wa kulia wa hinoki ulikuwa uchi. Alirudi nyuma hatua tatu, akauangalia, akapendezwa. Akaupiga picha, akamtumia Ronny Ndirangu.

Ronny alikuwa mtu wa Limuru, anafanya kazi kwenye bustani za The Pearl, mtaa wa kitajiri kule kule Doha, na Mutai alimtumia ili ajigambe, hakuna kingine. Simu ililia kabla hajaiweka mfukoni.

"Mutai, umefanya nini hapo?"

"Nimepogoa. Mbona?"

"Huo mti uko wa aina gani? Sogeza picha nione majani." Mutai akapiga nyingine ya karibu, akaituma. "Boss, hiyo si ukoo wa mti wa krismasi?"

Mutai aliliangalia jani kwa mara ya kwanza kama mtu anayeliangalia. Lilikuwa dogo, limebanana, limetandazwa mfano wa upepeo wa mkononi. Akalisugua vidoleni akalinusa. Harufu ilimrudisha moja kwa moja kwenye ua wa miti uliozunguka shule yao ya msingi. Ala! Kumbe ndio ule mti wa krismasi, ila wa Kijapani.

"Kwenu hamna ua wa miti ya krismasi?" Ronny akaendelea. "Ukiukata ukavuka kijani, nini hutokea?"

Jibu Mutai alilijua tangu utotoni. Hapatokei kitu. Panabaki tundu. Kwa jirani yao palikuwa na tundu kama hilo, fundi alizidisha panga siku moja, na miaka kumi baadaye ng'ombe bado walikuwa wakipitia hapo hapo.

"Huku tulikuwa na bonsai za aina hiyo, sita," Ronny alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mfilipino anayezitunza alituonya siku ya kwanza. Pale umeacha mti mtupu, usahau. Haitoi tena. Hayo matatu yameenda."

Woga una tabia zake. Wengine huwapiga kichwani. Mutai ulimkimbiza. Alikimbilia choo cha wafanyakazi akakaa huko, jasho likimtoka ilhali Novemba ile hata fulana haikulowa kwa kazi. Alichokiona ni Baba anashuka garini Alhamisi, anauona mti wake wa miaka kumi na minne umenyolewa upande mmoja, na mkono wake unairudisha kalamu mfukoni. Basi. Hakuna Jumanne. Na mama anakaa pale mlangoni Kericho, jicho moja, anasubiri.

Akafikiria kutoroka. Aende wapi? Anayekimbia kwa mwajiri huripotiwa, na akiripotiwa, kule uwanjani hapiti ila kwa kupitia rumande kwanza. Alikuwa amewaona waliotoka huko. Akafikiria kuyafunga majani kwa waya kwenye yale matawi, na akajaribu, wallahi alijaribu, akiokota vikonyo vilivyolala chini na kuvibandika kimoja kimoja. Kufikia Jumanne jioni vilikuwa vimenyauka.

Proscovia, mpishi wa nyumba ile, Mganda wa Masaka, alimkuta akivibandua. Alisimama na mwiko wake, akautazama mti, akamtazama Mutai.

"Banange," alishangaa kwa lugha ya kwao, polepole. "Mwambie tu."

"Asipotia sahihi?"

"Akijionea mwenyewe ndiyo atatia?"

 Mutai alikizungusha chungu ili upande wa majani uangalie mlango na upande ulio uchi uangalie ukuta. Usiku ule hakulala, wa Jumatano pia. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimwinua kitandani.

Baba Mubarak alifika Alhamisi saa nne asubuhi, amenyoa kichwa, uso umetulia. Hakuingia hata ndani. Alielekea uani moja kwa moja, mkono wa kulia ukicheza kwenye kanzu, akasimama mbele ya hinoki. Upande ule wa majani Mutai alikuwa ameupunguza kidogo tu. Mzee akatabasamu. Kisha akauzunguka, kwa sababu mwenye mti huuzunguka mti wake, na hilo hata mtoto angelijua isipokuwa mtu aliyejaa woga.

Akayahesabu matawi yaliyo uchi: moja, mawili, matatu.

"Mutai," alisema Baba. "Yule Mjapani aliniambia nisivuke kijani kamwe."

Sasa msikilizeni mtu mzima. Alikuwa na sentensi moja tayari mdomoni, *nimekosea, Baba, nisamehe*, aliifanyia mazoezi siku mbili. Lakini aliuona ule uso umeanza kubadilika, akaiona kalamu kwenye mfuko wa kanzu, na ulimi, ule usio na mfupa, ukaenda zake.

"Ni makusudi, Baba," alisema. "Sisi kwetu ndivyo tunavyofanya mti ukizeeka. Unaushusha mpaka kwenye mifupa. Baada ya muda unachipuka upya, changa tupu. Nimefanya hivyo miaka sita."

Na ubaya wa uongo ule ni kwamba karibu wote ulikuwa kweli.

Mzee aliinamia tawi. "Unachipuka kutoka hapa? Kwenye ubao?"

"Ndiyo, Baba."

"Miaka minne hujawahi kunidanganya." Baba aligusa tawi lililo uchi kwa kidole kinachocheza. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho Mutai hakukitarajia, nacho kilikuwa tumaini. Ni mtu aliyeambiwa na kila daktari kwamba kinachokwenda hakirudi, na leo mtunza bustani anamwambia kuna vitu vinarudi. "Subhanallah. Mjapani hakujua hilo. Litachukua muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Vizuri," alisema Baba, na akalipiga bega la Mutai kwa upole kabisa. "Basi huwezi kuondoka sasa. Nani mwingine anajua kazi hii? Tiketi tutaisogeza. Majani yakitoka, siku hiyo hiyo nakutilia sahihi."

Mutai aliyarudia maneno yale kichwani.  Majani yakitoka. Majani yasiyotoka, hata mama apofuke, hata mama afe, hata yeye mwenyewe azeeke akimwagilia kile chungu. Alitaka kucheka, akaogopa kwamba akianza hataweza kunyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, lakini ya kwake alikuwa ameifunga kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo akaumeza.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile nne za kwanza. Kila asubuhi baada ya sala Baba alitoka na kiti chake na kioo cha kukuzia maandishi, akaketi upande ulio uchi, akachunguza matawi matatu inchi kwa inchi. Mkono ulimcheza hata kioo kikagonga gome. "Hapa kuna kitu," alisema asubuhi moja, "njoo uone, hapa pamevimba." Mutai aliinama akaangalia. Palikuwa na kovu la waya wa zamani. "Labda, Baba," alisema. Mzee alifurahi siku nzima. Alimpigia binti yake simu kumweleza. Alikuwa amerudia kula vizuri, Proscovia alisema, na hata zile dawa zake hazikuhitaji kusukumwa. Alisema hayo bila kumtazama Mutai usoni.

Jumanne ya tiketi ikaja ikapita. Ndege zilipaa juu ya Al Sadd kama kawaida na Mutai akaziangalia zote. Woga wake ulikuwa umebadilika sasa. Mwanzoni aliogopa kukasirikiwa. Sasa aliogopa kile kiti, kile kioo, sauti ya miguu ya mzee ikitoka nje kila alfajiri kwa matumaini. Aliogopa pia simu yake, na simu ililia siku ya tisa. Alikuwa dada yake, Phyllis.

"Umesema utakuja lini?"

"Baba anataka nimalize kazi kidogo."

"Japheth, jana nilimwekea Mama chai mbele yake akaitafuta kwa mkono." Phyllis alivuta pumzi. "Nimemwambia umechelewa kwa sababu ya ndege. Anauliza ndege inatengenezwa na nani, siku zote hizi. Usimfanyie hivyo. Kama huji, sema huji."

Aliiweka simu mezani. Akatoka nje vivyo hivyo, bila viatu, kabla akili haijapata nafasi ya kumshauri vinginevyo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kioo mkononi.

"Baba, hautachipuka."

Baba hakugeuka. "Miezi mitatu, ulisema."

"Nilikudanganya. Hiyo ni chai. Chai ndiyo inachipuka. Mimi sijapogoa kitu kingine maisha yangu yote. Niliukata kama chai, rafiki yangu akaniambia nimeuharibu, nikajua tangu Jumatatu ile, kabla hujarudi. Matawi haya yamekufa. Niliogopa hutanitilia sahihi." Maneno yalimtoka yakigongana. "Mama yangu anapofuka, Baba. Nilitaka anione."

Kioo kilishuka taratibu hadi mapajani.  Hofu yote ya Mutai ya siku zile ilikuwa imesimama naye pale uani, na alingoja kelele. Alitamani kelele.

"Siku tisa," alisema Baba hatimaye. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mti ningekusamehe. Mti ni mti, hata mimi mwaka wa kwanza nilivunja tawi. Lakini uliniona nimekaa hapa. Kila siku uliniona. Nikakuita uje uangalie, ukaja, ukainama, ukaangalia."

 Ilikuwa kweli, na ndilo jambo ambalo Mutai hakuwa ameliogopa hata kidogo, katika mambo yote aliyoyaogopa.

"Lete karatasi zako. Zote. Utaondoka kesho, na hutarudi kwenye nyumba hii."

Zilipoletwa, Baba alitoa kalamu, akaiweka juu ya mstari, na kalamu ikaruka. Akajaribu tena. Mwanzo wa jina ukatoka umevunjika, karani yeyote angeukataa. Alipumua kwa hasira, hasira ya kwanza ambayo Mutai aliiona kwake, na haikuwa juu ya Mutai.

"Nishike hapa," alisema, akimnyooshea kifundo cha mkono.

Mutai alipiga magoti kwenye sakafu ya ua, akakishika kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi, mifupa mitupu. Pamoja waliandika jina la mzee kwenye karatasi ya kumfukuza Mutai na kumrudisha kwao, herufi moja baada ya nyingine, na Mutai alilia waziwazi, machozi yakidondoka karibu na wino, na Baba akahamisha karatasi kando ili isilowe. Kisha akauvuta mkono wake na kuinuka. Hakumuaga.

Proscovia alimfungia chapati nne za safari. Dereva alimshusha uwanjani bila maongezi. Pale dirishani askari aliigeuza karatasi mara mbili kabla ya kuipiga muhuri, na Mutai akapita hadi Nairobi, akapanda basi la Kericho, akashuka ule mteremko wa kwao wenye utelezi. Kazi hakuwa nayo tena. Visa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

Mama alikuwa ndani. Phyllis alimwongoza mpaka mlangoni, na Mutai akaketi kwenye kigoda mahali jua lilipoingilia. Mama alimsogelea Mutai, akaupeleka uso wake karibu na wa mwanawe kiasi cha pua kugusana, akaufuata kwa lile jicho moja: paji la uso, masikio, kidevu. Alichukua muda. Mutai aliinamisha kichwa kwa sababu hakutaka aonwe alivyokuwa.

"Umezeeka," Mama alisema.

"Mama, acha nikueleze kilichotokea huko."

"Utanieleza baadaye, masikio bado ninayo." Akamshika kidevu, akakiinua. "Tulia hapo penye mwanga. Sijamaliza."